Swichi Isiyozima Taa

Ukurasa huu umezoea tungo, ngoma na misemo ya wazee wetu, na huenda leo ukashangaa kuona nakuletea habari za nyaya na mitambo. Nivumilie kidogo. Jambo nililolishuhudia Subukia hivi majuzi ni la mitambo kwa sura yake tu. Ukilichungua ndani, ni jambo la lugha, tena ni la riziki ya vijana.

Subukia iko mbali na bahari. Ukitoka Nakuru wapita Bahati, kisha gari linateremka bondeni, na ng'ambo ya pili waona ukuta wa milima upandao kwenda Nyahururu. Ni nchi ya mahindi, viazi na maziwa. Wataalamu wa ardhi wanaijua kwa tetemeko kubwa la tarehe 6 Januari 1928, na Wakatoliki wa Kenya huenda huko kwa hija yao. Mimi sikwenda kupima ardhi wala kuhiji. Nilimfuata mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Nakuru, ambaye kazi yake ni kufunga mitandao ya kompyuta. Alikuwa amepata kibarua cha kuunganisha kompyuta 12 katika chumba kimoja cha mafunzo ya vijana, nami nikaona heri niende nikatazame kuliko kushinda nyumbani nikihesabu magari.

Chumbani mle palikuwa na kisanduku cha bati, chembamba, chenye vijitundu 24 vilivyopangwa safu mbili, ungedhani ni bao lililosimamishwa ubavu. Mkufunzi wa pale, mtu mwenye bidii na haraka nyingi, aliwaonyesha vijana akasema, "Hii ni swichi. Ina poti ishirini na nne. Mtu asije akatengeneza lupu." Vijana wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza kitu, na katika umri wangu nimekwisha kujifunza kwamba darasa likitikisa kichwa lote kwa pamoja bila swali, mara nyingi hakuna aliyeelewa.

Baada ya saa moja hivi, kijana mmoja aliona waya uliochomekwa upande mmoja, na upande wa pili unaning'inia. Akaona si vizuri kuacha waya ukining'inia, akauchomeka katika kijitundu kilichokuwa kitupu cha kisanduku kile kile. Vijitaa vyote vikaanza kupepesa kwa fujo, na kompyuta zote 12 zikanyamaza. Mkufunzi akapandwa na hasira. Kijana akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nilijua swichi ni ya kuwasha na kuzima. Nikaona taa zinawaka, nikajua iko sawa." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lau ningeulizwa mimi, mwandishi wa miaka yote hii, ningejibu vivyo hivyo.

Hebu tulitazame neno hili. Kila nyumba yenye umeme ina swichi ukutani. Ukiibonyeza taa yawaka, ukiibonyeza tena yazima. Lakini kwa wenye lugha yao, neno hilo lina maana ya pili: kugeuza kitu kishike njia nyingine. Hivyo ndivyo garimoshi ligeuzwavyo penye njia panda ya reli, na hivyo ndivyo opareta wa simu wa zamani alivyokuwa akichomoa waya hapa na kuuchomeka pale ili mtu wa Lamu azungumze na mtu wa Malindi. Sisi tulipoliazima neno hili tulichukua maana moja, ile ya taa, na ya pili tukaiacha forodhani. Sasa umekuja mtambo uliojengwa juu ya ile maana ya pili, na kijana wa Subukia anahukumiwa kwa maana ambayo hakuna aliyepata kumfikishia.

Jioni ile tukinywa chai nilimwambia mpwa wangu, "Nieleze mtambo huu kama kwamba wamweleza bibi yako, na kila neno liwe la Kiswahili. Ukishindwa, basi nawe hukuuelewa." Alicheka, lakini akajaribu, na maelezo yake nayatia hapa kwa mpangilio wangu.

Mwaka 1973, huko California, Robert Metcalfe na David Boggs walibuni njia ya kuunganisha kompyuta zilizo jengo moja, iitwayo Etheneti. Siku zile mashine zote zilishiriki waya mmoja. Baadaye kikaja kisanduku kiitwacho habu, yaani kitovu, na kila kompyuta ikapata waya wake wa kukifikia. Lakini kitovu kile kilikuwa mtu wa mbiu tu. Kompyuta ya kwanza ikitaka kusema na ya tano, habu ililitangaza neno lile kwa zote, kila mmoja akalisikia, na asiyehusika akatakiwa kulipuuza. Mbili zikisema kwa wakati mmoja, maneno yaligongana yakaharibika, na kila moja ikalazimika kungoja na kusema upya. Kompyuta zikiwa nne mambo yalikwenda. Zikiwa 40, ilikuwa ni soko.

Mwaka 1990 kampuni moja ndogo ya Marekani iitwayo Kalpana, jina la Kihindi lenye maana ya ubunifu wa fikra, ilitoa swichi ya kwanza ya Etheneti kuuzwa. Tofauti yake na habu ni kwamba swichi yasoma anwani. Haipigi mbiu ila inapolazimika. Yaweza kufananishwa na karani wa posta wa zamani, ambaye barua ikifika aliitazama bahasha, akajua ni sanduku namba ngapi, akaitia humo, na majirani wasijue kwamba fulani ameandikiwa.

Karani huyu amejuaje nani yuko wapi? Hakufundishwa na mtu. Kila kompyuta huzaliwa kiwandani na anwani yake, yenye herufi na tarakimu 12, na sita za mwanzo hutambulisha kiwanda kilichoitengeneza. Kompyuta ikisema neno lake la kwanza, bahasha ya neno hilo huwa na anwani ya mpelekaji na anwani ya mpelekewa. Swichi husoma anwani ya mpelekaji na kuandika katika daftari lake: fulani yuko tundu la tatu. Mwingine akisema, huandika: huyu yuko tundu la tisa. Kwa muda mfupi imewajua wote kwa kusikiliza tu. Ikifikiwa na bahasha ya mtu isiyemjua, hapo ndipo huipeleka kwa wote isipokuwa aliyeileta, na mwenyewe akijibu huandikwa daftarini. Na asiyesema kitu kwa muda, kwa kawaida dakika tano katika swichi nyingi, hufutwa, kwani huenda amehama.

Mpwa wangu akaongeza jambo ambalo huwachanganya wanafunzi wengi, nalo ni kwamba kompyuta moja ina anwani mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kiwandani, ambayo ni kama alama ya kidole: waenda nayo popote. Ya pili hupewa na mtandao ulioingia, mfano wa namba ya sanduku la posta: ukihama mji wapewa nyingine. Swichi ya kawaida hutumia ile alama ya kidole, kwa sababu kazi yake ni ndani ya mtaa. Neno likitaka kutoka nje ya mtaa, hukabidhiwa mtambo mwingine uitwao ruta, ambao husoma ile anwani ya pili na kuamua njia. Nikamwambia, "Basi huyo ruta ni rubani." Sikukusudia rubani wa ndege. Nilikuwa na maana ya yule wa asili, ajuaye mikondo na miamba, anayekitoa chombo bandarini na kukiingiza katika bandari ya wengine. Swichi yajua nyumba za mtaani, na rubani ajua bahari. Mtu akishika hilo, ameshika nusu ya somo.

Je, kosa la yule kijana lilikuwa nini? Ziko habari ambazo lazima zipigiwe mbiu. Kwa mfano, kompyuta mpya ikiingia huuliza, "Jamani, nani hapa mgawaji wa anwani?" Haijui imwelekee nani, kwa hivyo huuliza kwa wote, na swichi huipitisha mbiu hiyo katika matundu yote. Sasa waya ukitoka tundu moja na kurudi katika tundu jingine la swichi ile ile, mbiu hutoka huku na kuingia kule. Swichi haina akili ya kujua kwamba ni mbiu yake mwenyewe. Huipiga tena, nayo hurudi tena. Bahasha za Etheneti hazina alama ya kuhesabu zimezunguka mara ngapi ili zife njiani, basi mbiu huzaa mbiu, na katika muda mfupi kabisa waya wote umejaa makelele na hakuna neno la maana liwezalo kupita. Hicho ndicho wanachokiita lupu, na dhoruba ile ya makelele ndiyo iliyopepesa taa zile. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hapa mgambo ulikuwa ukilia kwa sababu umejisikia mwenyewe.

Dawa ya maradhi haya ilipatikana mwaka 1985, nayo ina uhusiano na ukurasa huu kuliko unavyodhani. Mwanamke mmoja Mmarekani, mtaalamu wa hisabati aitwaye Radia Perlman, alibuni kanuni ambayo kwayo mitambo yenyewe hushauriana, ikajipanga mfano wa mti: shina moja na matawi yasiyorudi kukutana. Njia inayoleta mzunguko hufungwa, na ikikatika nyingine hufunguliwa. Alipokwisha kuibuni, aliifupisha kwa shairi, na shairi hilo likachapishwa pamoja na maelezo ya kanuni yake. Nilipolisikia hili nilifurahi sana. Sisi wa pwani tumeitia elimu katika tungo tangu enzi za babu zetu: fikihi, tiba, nyota, hata ujenzi wa vyombo. Kumbe huko kwenye mitambo nako yuko aliyeona kwamba jambo gumu huhifadhika likitiwa vina. Swichi za bei nafuu, kama ile ya Subukia, hazina kanuni hiyo. Zenye kuongozwa, ambazo fundi huweza kuingia ndani na kuziamrisha, ndizo zenye nayo.

Hizo zenye kuongozwa zina jambo jingine la manufaa: kisanduku kimoja huweza kugawanywa mitaa. Matundu ya kwanza hadi ya nane yakawa mtaa wa ofisi, yaliyobaki mtaa wa wanafunzi, na watu wa mtaa huu wasisikie mbiu za mtaa ule ingawa wote wamechomekwa kisanduku kimoja. Sheria ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1998 huruhusu mitaa hadi 4,094. Waya mmoja unaobeba habari za mitaa yote kwenda swichi nyingine huitwa shina. Kwa njia hii mwanafunzi hawezi kuchungulia hesabu za mishahara, na sote twajua nyumba zetu za kale zilivyotenga daka la wageni na ndani kwa watu wa nyumbani, ilhali mlango wa barabarani ni mmoja.

Asubuhi ya pili mpwa wangu alimwomba mkufunzi ruhusa ya nusu saa, akapewa. Akawaeleza vijana kama alivyonieleza mimi. Akawaambia pia kwamba waya wa shaba wa aina ile haufai kuzidi mita 100, na kwamba kasi huhesabiwa kwa biti ilhali mizigo huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hivyo asiyejua tofauti atadhani amepunjwa. Mimi nikawapa ubeti mmoja wa kushika, kwa desturi tuliyolelewa nayo:

Swichi si ile ya taa, ya kuzima sebuleni,
Hujua kila mtaa, na tundu lake yakini,
Siri haitazagaa, ikafika ugenini,
Jina lake la kufaa, tulitafute nyumbani.

Yule kijana aliyechekwa jana ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Aliuliza, "Je, mtu akichomeka swichi mbili kwa waya mbili badala ya mmoja, si mbiu itazunguka vile vile?" Mkufunzi alimtazama kwa mshangao. Swali hilo ndilo lililomfanya yule mwanamke wa Marekani kukaa chini na kubuni kanuni yake.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Serikali ya Kenya, tangu mwaka 2022, imetangaza mpango wa kutandika kilomita 100,000 za mkongo wa mawasiliano, na kuweka vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Eneo bunge la Subukia lina wadi tatu: Subukia, Waseges na Kabazi. Kila kituo kitataka swichi, na kila swichi itataka mtu wa kuifunga, kuitunza na kuifufua izimapo. Mtu huyo ni nani? Ikiwa maneno ya kazi hii yatafundishwa kama kasuku afundishwavyo, basi kijana wa wadini atabaki mchimba mtaro wa waya, na fundi ataletwa kutoka mjini kila vijitaa vipepesapo. Na si Subukia tu. Mikongo ya baharini yatua kwetu Mombasa: ule wa SEACOM na ule wa TEAMS iliwasili mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mingine baada yake. Habari ziendazo Subukia nyingi zimepita chini ya miguu yetu kwanza. Lakini kupitiwa na bidhaa si kuwa mfanyabiashara, na hilo wazee wa Kilindini wanalijua vizuri.

Iko habari moja ya nchi yetu ambayo yafaa kila mtoto aijue, kwani yaonyesha swichi ni kitu gani hasa. Miaka ya mwisho ya 1990, kampuni za intaneti nchini Kenya zilikuwa zimeshaanza kazi, lakini hapakuwa na mahali pa kukutania. Mtu wa Mombasa mwenye kampuni hii akimwandikia barua pepe jirani yake mwenye kampuni ile, barua ilipanda kwenye setilaiti, ikavuka bahari hadi ng'ambo, ikarudi tena kwa setilaiti, ikamfikia jirani aliye hatua 20. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua kati ya sekunde moja na sekunde mbili, na kila hatua ya safari ile ililipiwa fedha za kigeni.

Mwezi Novemba 2000, kampuni hizo kwa umoja wao zilifungua mjini Nairobi kituo cha kubadilishania habari kiitwacho KIXP. Moyo wa kituo kama hicho ni swichi tu, ya jamii ile ile niliyoiona Subukia ingawa kubwa zaidi: kila kampuni yachomeka waya wake, na habari za jirani kwa jirani zaishia hapo hapo. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za nje wakati ule, ililalamika, na katika muda wa majuma mawili hivi kituo kikafungwa kwa amri ya tume iliyosimamia mawasiliano. Ulichukua karibu mwaka mzima wa mabishano hata leseni ikatolewa mwezi Novemba 2001, na kituo kikafunguliwa tena mwezi Februari 2002. Safari iliyokuwa ya sekunde moja au mbili ikashuka hadi sehemu ndogo tu ya sekunde. Ulichozuka ugomvi wote ule ni kisanduku cha bati kilichowawezesha majirani kusemezana bila kupitia kwa mgeni.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tena tarehe 12 Mei 2024, ilipokatika mikongo miwili, EASSy na SEACOM, kwenye bahari ya upande wa kusini mwa Afrika. Mtandao wa Afrika Mashariki ukawa mzito kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo kile kinachopatikana nyumbani hupatikana, na cha ng'ambo husubiriwa.

Naona maneno yetu nayo yamo katika hali ile ile ya barua za miaka ya 1990. Mkufunzi ni Mkenya, mwanafunzi ni Mkenya, wote wawili wanasema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Lakini wakitaka kusemezana juu ya waya ulio mikononi mwao, neno hupanda angani, likaenda ng'ambo, likarudi limechoka, na kijana akalipokea nusu. Hatuna swichi ya nyumbani.

Isidhaniwe kwamba nataka kila neno la kigeni lifukuzwe. Kiswahili chenyewe kimejengwa kwa maneno yaliyoshuka kutoka vyomboni, na waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Wala isidhaniwe kwamba hakuna aliyejitahidi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alitumia umri wake kutuonyesha kwamba neno jipya litafutwe kwanza katika lahaja zetu kabla ya kuazimwa. Ndiye aliyetupa runinga, neno linalotumika leo hata na wasiomjua. Na katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alihifadhi majina ya viungo vya chombo cha Lamu ili yasipotee pamoja na mafundi wake. Huko Dar es Salaam nako, wataalamu wa Chuo Kikuu walitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Lakini maneno huishi midomoni. Wakenya tuna tarakilishi, Watanzania wana kompyuta, na katika duka la fundi mimi nasikia "mashini" tu.

Mtandao ni neno lililofaulu, na tujiulize kwa nini. Limetokana na kutanda, na lina nduguze: utando wa buibui, mtandio wa bibi harusi. Mtu akilisikia aona kitu kilichoenea chenye nyuzi. Waarabu nao walipotaka neno kwa jambo hilo hawakwenda mbali: walichukua shabaka, ambalo ni wavu wa mvuvi. Neno lililofaulu hubeba picha, na picha humbebea mwanafunzi nusu ya mzigo.

Kinyume chake nimewahi kuona tafsiri ya mashine ikisema kwamba swichi ina "bandari 24". Bandari! Hata sisi wa Mombasa, pamoja na Kilindini na Bandari ya Kale, hatujajaaliwa hizo. Mtafsiri alikuta neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akashika isiyokuwa. Tundu latosha, au mlango.

Tulipokuwa watoto chuoni, herufi tulizosoma zilikuwa za Kiarabu, na hakuna aliyezibadilisha majina. Lakini mwalimu alituambia kwa Kiswahili kwamba hii ina nukta moja chini, hii mbili juu, hii tatu juu, na hii haina kitu. Lililosomwa lilikuwa geni, aliyeelezwa alielezwa kwa lugha ya mamake, na kwa njia hiyo watoto wa miaka sita waliweza kusoma maandishi ya nchi ya mbali. Sioni kwa nini fundi wa mitandao afundishwe kwa desturi iliyo duni kuliko ile. Swichi na ibaki swichi ikiwa watu wameizoea. Lakini aelezwe kijana kwamba hii haizimi taa: hii ni karani wa anwani, yenye matundu, yenye daftari, yenye mitaa, ipigayo mbiu pale tu inapolazimika, na nje ya mlango wake anangoja rubani.

Maneno hayo nayatoa kama mapendekezo ya mtu mmoja. Wenye mengine bora wayalete, hasa nyinyi mafundi mnaopanda ngazi na kuvuta nyaya kila siku, kwani nyinyi mnayajua mambo na sisi watunzi tunajua maneno tu. Jambo la kwanza la kuamua ni hizo wadi 1,450: vitabu vya mafunzo vitakavyopelekwa huko vitaandikwa kwa lugha gani, na nani ameketi kuviandika?

Nilipoondoka Subukia, yule kijana alikuwa juu ya meza akifunga waya wa mwisho ukutani, na mpwa wangu amekaa chini akimshikia ngazi. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandika matundu yote 24, kila moja na mwenyewe. Nilipoisoma niliona juu yake ameandika kwa herufi kubwa: DAFTARI LA SWICHI.